Dhahabu ya Sofala, Urani ya Mkuju

Mwanahistoria Mreno João de Barros, aliyeandika katikati ya karne ya 16, anasimulia jinsi Kilwa ilivyoingia katika biashara ya dhahabu. Mvuvi mmoja, anasema, alikuwa kwenye mtumbwi wake nje ya lango la bandari akanasa samaki mkubwa mno. Hakutaka kumpoteza, akafungua kamba na kumwacha samaki avute. Mkondo ukamchukua, akateremka kusini siku baada ya siku hadi akatokea Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Huko akakuta jahazi la watu wa Mogadishu likibadilishana nguo kwa dhahabu. Aliporudi nyumbani alimpasha habari sultani, na tangu hapo Kilwa ikaanza kuitafuta Sofala mpaka ikaishika.

Hadithi za namna hii hazisomwi kama daftari la bandari. Zinasomwa kwa kile ambacho jamii iliona kinafaa kukumbukwa. Na hii inakumbuka jambo moja lililo kweli kabisa: Kilwa haikuwa na dhahabu. Kisiwa hiki ni mawe ya matumbawe, mikoko, minazi na mibuyu. Dhahabu ilichimbwa mbali, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari. Utajiri wa Kilwa ulitokana na kukaa mahali panapofaa kati ya mchimbaji na mnunuzi, na kujua la kufanya na nafasi hiyo.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za biashara ya zamani ya Kilwa huku nikifuatilia kwenye simu habari za biashara nyingine inayotangazwa kila wiki: urani ya Mkuju, wilayani Namtumbo, na ndoto ya Tanzania kuzalisha umeme wa nyuklia. Mwanzoni niliona ni mambo mawili yasiyohusiana. Sasa naona ni swali moja lililoulizwa mara mbili, kwa umbali wa miaka mia saba. Nchi yenye madini ambayo dunia inayataka inapaswa kufanya nini ili yasipite tu?

Pepo mbili na ushuru mmoja

Nafasi ya Kilwa ilitengenezwa na upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, ikileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huvirudisha kuanzia Aprili. Nahodha aliyetoka Aden au Hormuz angeweza kufika Kilwa, kuuza, kununua na kurudi ndani ya msimu. Akitaka kushuka hadi Sofala hesabu ilibadilika: angelazimika kusubiri, kulisha mabaharia miezi mingi zaidi, na kuacha mtaji wake umelala. Kilwa ilikuwa karibu ukingo wa mwisho ambao mgeni angeweza kuufikia bila kupoteza mwaka mzima.

Wenyeji walifanya kile ambacho mgeni hakuweza kukifanya kwa faida. Vyombo vyao vilikwenda Sofala na nguo na shanga, vikarudi na dhahabu na pembe za ndovu. Mali ya kusini ilipita Kilwa na kulipa ushuru Kilwa. Mwanzoni mwa karne ya 14, sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga juu ya genge, upande wa kaskazini wa kisiwa, jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane linaloonekana hadi leo. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta sultani huyo na kumsifu kwa ukarimu. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Lakini tajiri wa njia huishi kwa rehema ya njia. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Julai 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, akauteka na kuanza kujenga ngome. Mwaka huohuo Wareno walijenga ngome nyingine Sofala kwenyewe, wakiamini kwamba anayeshika bomba la dhahabu anashika dhahabu. Hesabu yao nayo haikutimia. Wafanyabiashara Waislamu walihamia Angoche na njia za mto Zambezi, dhahabu ikakwepa ngome, na mwaka 1512 Wareno wakaondoka Kilwa. Mji waliouacha haukupata tena Sofala yake.

Karne ya 18 ilileta bidhaa nyingine kutoka bara: pembe, na watu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka. Baadaye kitovu cha biashara kilihamia Kilwa Kivinje, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa na kupita nchi za kusini, zikiwemo zile tunazoziita leo mkoa wa Ruvuma. Njia hiyo inapaswa kukumbukwa tunapotaja Namtumbo. Bara la kusini na pwani ya Kilwa zimeshaunganishwa na biashara kabla ya leo, na biashara hiyo haikuwa ya heri kwa wote waliopita njiani.

Namtumbo, na bei isiyotulia

Mradi wa Mkuju River ulianza na kampuni ya Australia, Mantra Resources. Mwishoni mwa mwaka 2010 kampuni ya serikali ya Urusi, ARMZ, ilikubali kuinunua Mantra. Kabla ununuzi haujakamilika, Machi 2011, tetemeko na tsunami vilisababisha ajali ya vinu vya Fukushima, Japani. Soko la urani likatikisika, bei ya ununuzi ikajadiliwa upya na kushushwa, na mradi ukaingia mikononi mwa Warusi kwa thamani pungufu. Tetemeko la upande mwingine wa dunia lilibadilisha thamani ya udongo wa Namtumbo ndani ya siku chache, kabla hata jembe la kwanza la mgodi halijagusa ardhi.

Eneo lenyewe lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, lililokuwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliridhia mpaka wa Selous urekebishwe ili kuliondoa eneo la mgodi. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2013. Kisha bei ikaanguka na kazi zikasimama. Mwezi Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani huko Namtumbo, na wawekezaji wametaja lengo la kuzalisha hadi tani 3,000 kwa mwaka mgodi mkubwa utakapokamilika.

Anayetaka kuelewa kwa nini kazi husimama na kuanza aitazame bei. Katikati ya mwaka 2007 ratili moja ya urani iligusa takriban dola 136 za Marekani. Mwishoni mwa 2016 ilikuwa chini ya dola 20. Januari 2024 ilivuka tena dola 100. Mkulima wa korosho wa Lindi anaijua vizuri bei ya namna hii: haimuulizi mzalishaji ametumia kiasi gani. Tofauti ni kwamba mkorosho ukiachwa msimu mmoja hauhitaji mhandisi wa kuulinda, lakini mgodi wa urani uliosimama unabaki na mabwawa ya tope, mitambo na wajibu wa kulinda maji ya bonde la Rufiji.

Urani pia haiuzwi kama dhahabu. Huwezi kuibeba mfukoni ukamwuzia sonara. Kinachotoka mgodini ni unga wa njano, na unga huo hauwashi taa. Lazima ugeuzwe kuwa gesi, urutubishwe, kisha utengenezwe vijiti vya fueli, na kazi ya kurutubisha inafanywa na mataifa machache. Urusi peke yake ina zaidi ya theluthi moja ya uwezo wa dunia wa kurutubisha. Mei 2024 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia urani iliyorutubishwa Urusi, ikiacha mwanya wa ruhusa maalumu hadi mwisho wa 2027. Muuzaji wa unga wa njano anaingia katika ugomvi huo apende asipende, kama Kilwa ilivyojikuta kati ya Ureno na washindani wake bila kuwa imewatafuta.

Afrika imewahi kuuza urani bila kujua inauza nini. Mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Mwaka 1942 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alikuwa tayari ameshahifadhi zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo kwenye ghala huko Staten Island, New York, Wamarekani walipokuja kumuulizia. Wachimbaji wa Katanga, wengi wao wazungumzaji wa Kiswahili cha kule, hawakuambiwa kazi yao inaelekea wapi. Mwaka 1959 Wabelgiji waliwasha huko Léopoldville kinu cha utafiti, cha kwanza barani. Congo ilipata mgodi mapema kuliko wote na kinu mapema kuliko wote. Hadi leo haijapata umeme wa nyuklia.

Je, mwenye urani ana umeme rahisi?

Kwenye vijiwe na hata kwenye mijadala ya chuo husikika hoja hii: tuna urani yetu wenyewe, kwa hiyo umeme wetu wa nyuklia utakuwa rahisi. Tuipige hesabu.

Kinu cha megawati 1,000 hutumia takriban tani 200 za urani asilia kwa mwaka. Tukichukua bei ya dola 80 kwa ratili, urani hiyo inagharimu kama dola milioni 40. Kinu kikifanya kazi asilimia 90 ya mwaka, kinazalisha karibu uniti bilioni 8. Gawanya: urani ghafi inachangia kama nusu senti ya dola kwa kila uniti. Hata tungeipata bure kabisa, bili ya mteja isingepungua zaidi ya hapo.

Sasa tazama upande wa pili. Tuseme kinu hicho kimejengwa kwa dola bilioni 5, kiwango ambacho miradi mingi ya karibuni imekivuka. Kwa riba ya asilimia 3, riba ya mwaka wa kwanza ni dola milioni 150, karibu senti 2 kwa uniti. Kwa asilimia 7 ni dola milioni 350, zaidi ya senti 4, na hapo hujaanza kurudisha deni lenyewe. Kwa maneno mengine, asilimia moja ya riba ina uzito mkubwa kuliko urani yote. Bei ya umeme wa nyuklia huamuliwa zaidi kwenye meza ya mkopo kuliko mgodini, na mkopo huo ni wa dola huku mteja akilipa kwa shilingi.

Kuna pia muda. Kinu cha tatu cha Olkiluoto, Finland, kilianza kujengwa mwaka 2005 kikitarajiwa mwaka 2009. Kilianza uzalishaji wa kawaida mwaka 2023. Vinu viwili vya Vogtle, Marekani, viligharimu zaidi ya mara mbili ya makadirio ya mwanzo. Wapo waliofanikiwa: Falme za Kiarabu zilisaini na Korea Kusini mwaka 2009, na kufikia 2024 vinu vyote vinne vya Barakah vilikuwa vinazalisha. Ila Barakah ilijengwa na dola yenye fedha za mafuta na gridi inayohitaji umeme mwingi mchana kutwa. Misri, inayojenga vinu vinne vya megawati 1,200 kila kimoja huko El Dabaa, ilipata mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25 unaobeba asilimia 85 ya gharama. Afrika nzima ina kituo kimoja tu kinachouza umeme wa nyuklia, Koeberg, karibu na Cape Town, kilichoanza miaka ya 1980.

Jambo la tatu ni ukubwa wa gridi. Mafundi wa umeme wana kanuni ya kawaida kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi, kwa sababu ukizimika ghafla mingine lazima izibe pengo mara moja. Mahitaji ya juu ya Tanzania mwaka 2024 hayakufika megawati 2,000. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini zimegawanywa katika mitambo tisa ya megawati 235. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kingekuwa nusu ya nchi kwenye swichi moja. Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilizima bila hata kuwa na kinu cha namna hiyo. Ndiyo maana vinu vidogo vinatajwa sana siku hizi, lakini vilivyokwisha kuwashwa ni vya kuhesabu kwa vidole, mojawapo kikiwa Akademik Lomonosov, kinachoelea bandarini Pevek kaskazini mwa Urusi tangu mwaka 2019 na kuzalisha megawati 70.

Fursa ipo. Mahitaji ya umeme yanakua, maji ya mabwawa hutegemea mvua, na nyuklia haitoi moshi wa makaa. Ninachosema ni kwamba biashara ya kuuza urani na biashara ya kuzalisha umeme wa nyuklia ni biashara mbili, zenye hatari mbili tofauti, na kuwa na ya kwanza hakukupi ya pili. Kilwa iliuza dhahabu kwa karne kadhaa bila kumiliki shimo lolote. Inawezekana vilevile kumiliki shimo na usimiliki chochote kingine.

Pwani inavyokumbuka miradi mikubwa

Mkoa wa Lindi hauhitaji kufundishwa maana ya mradi mkubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Reli ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea na bandari ya kina kirefu ikachimbwa Mtwara. Matrekta yalivunjika kwenye mizizi na udongo mgumu, mvua haikufuata ratiba ya London, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Reli ilibeba mizigo michache kwa miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Ilikosekana hatua ya awali: hakuna aliyejaribu kwanza kwenye shamba dogo na kusubiri majibu.

Kisha ikaja gesi. Kampuni ya Italia, AGIP, iligundua gesi Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii ya Kilwa, mwaka 1974. Palikuwa na mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa, KILAMCO, ambao haukutimia. Gesi ilikaa chini ya bahari miaka 30, hadi mwaka 2004 ilipofika Dar es Salaam kwa bomba la kilomita 232 kupitia Somanga, ikawasha mitambo ya Songas pale Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo. Mkataba wa miaka 20 wa kuuziana umeme na Songas ulimalizika Julai 2024. Ugunduzi, subira na mkataba, vyote pamoja vimechukua miaka 50. Mtoto aliyezaliwa Songo Songo mwaka wa ugunduzi amekuwa babu kabla mkataba wa kwanza haujaisha.

Siku moja nikivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani nilimwamkia mzee aliyekaa karibu na usukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutazama magofu?"

Nikamwambia nasoma biashara ya dhahabu ya zamani. Akacheka kidogo, akanyoosha mkono upande wa kaskazini. "Na ile ya gesi, mnaisoma? Au mpaka nayo iwe magofu?"

Sikuwa na jibu la kumpa kabla boti haijagusa mchanga, na hakuonekana kulisubiri. Swali lake lilikuwa limeshajieleza. Watu wa pwani hii hawaulizi kama kuna mali. Wanauliza mkataba umeandikwaje.

Na mikataba ya umeme imewahi kutuumiza kama taifa. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995 uliibebesha Tanesco malipo ya uwezo wa mitambo: unalipa kwa sababu mtambo upo tayari, hata kama hukuchukua umeme. Kesi zilifika kwenye usuluhishi wa kimataifa, na sakata la akaunti ya Escrow, mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, likawang'oa mawaziri. Mtambo wenyewe ulikuwa wa megawati 100 tu. Kinu cha nyuklia kinalipwa kwa utaratibu unaofanana, maana mkopeshaji hawezi kukubali kinu kilale, lakini kwa ukubwa mara kumi na kwa miaka 60. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ni mkataba, na habari ni Bunge na wananchi kuuona kabla wino haujakauka.

Mwaka 2013 Mtwara ilitufundisha sehemu nyingine. Wananchi walipoona gesi ya Mnazi Bay itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, waliandamana mwezi Januari. Mei, baada ya hotuba ya bajeti ya nishati, vurugu zikaanza tena, jeshi likapelekwa na watu wakapoteza maisha. Bomba lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kuzinduliwa mwaka 2015. Kitaalamu ni bomba zuri. Lakini kueleza kulikuja baada ya kuamua, na gharama ya mpangilio huo ilikuwa damu. Jirani zetu wa Kenya walikutana na jambo kama hilo pale mipango ya kinu cha megawati 1,000 ilipoelekezwa Uyombo, Kilifi, kati ya mikoko, wavuvi na watalii wa Watamu. Mwaka 2024 wananchi waliandamana, polisi wakawatawanya kwa nguvu, na baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kwenye Ziwa Victoria.

Hata barabara ina la kusema. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na malori yakalala njiani. Urani ya Mkuju italazimika kufika baharini kwa bandari yoyote itakayochaguliwa. Kabla ya kuzungumzia kinu, tuna kalavati za kuzungumzia.

Kipi kifanyike kwanza

Mwanafunzi wa historia si mhandisi, wala si Waziri wa Nishati. Lakini historia ya Kilwa inaniruhusu kusema mambo matatu.

La kwanza, tutenganishe daftari mbili. Urani iuzwe kama madini, kwa mikataba mirefu yenye bei ya chini isiyovukwa, na serikali itumie kikamilifu hisa zisizopungua asilimia 16 inazopewa na mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017. Umeme wa nyuklia upimwe peke yake, dhidi ya gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, maji, jua na upepo, bila kuhesabu urani yetu kama zawadi. Zikichanganywa, hasara ya daftari moja itafichwa kwenye nyingine.

La pili, tuanze na watu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linaeleza hatua tatu na masuala 19 ambayo nchi inapaswa kuyakamilisha kabla ya kuwasha kinu cha kwanza, na kwa kawaida huchukua miaka 10 hadi 15. Mengi kati ya hayo hayahusu saruji: sheria, msimamizi huru, wataalamu wa mionzi, mpango wa taka, mpango wa dharura. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye sheria ya mwaka 2003. Kuijengea tume hiyo uwezo na uhuru wa kusema hapana ni uwekezaji ambao hautapotea hata kama kinu hakitajengwa kamwe, kwa sababu hospitali, migodi na mipaka inamhitaji mpima mionzi. Mji wa Kilwa haukuishi kwa upepo peke yake. Uliishi kwa manahodha, makarani na mafundi waliojua kazi ambayo mgeni hakuijua.

La tatu, wenye mahali waulizwe mapema. Kinu kinahitaji maji mengi ya kupooza, na pwani ndefu yenye watu wachache huonekana vizuri kwenye ramani ya mpangaji. Siku moja mtu atachora duara mahali fulani kati ya Rufiji na Ruvuma. Itafaa wavuvi wa hapo wawe wameshajua kinu ni nini, kinatoa nini na kinaacha nini, kabla hajatokea mpimaji na vigingi vyake.

Kilwa ilipiga sarafu zake kwa mamia ya miaka. Wanaakiolojia wamezikusanya kwa maelfu kwenye udongo wa kisiwa, na karibu zote ni za shaba. Sarafu za dhahabu zinazojulikana ni za kuhesabu. Mji uliopitishia dhahabu ya nusu ya kusini mwa Afrika ulinunua mtama na samaki wake kwa shaba, na dhahabu ikaendelea na safari. Walau ushuru wake ulijenga msikiti na birika tunavyokwenda kuvitazama leo. Urani nayo itapita, kwa barabara hii au nyingine, na wenye vinu watailipia bei ya siku hiyo. Tunachoweza kuchagua sasa, kabla mgodi haujafunguka vizuri, ni kitu gani kitabaki nyuma yake, na nani ataandika daftari.